Slivu, baipasi, puto au sindano: baada ya miaka mitano utakuwa na kilo ngapi?

Kila anayefikiria upasuaji wa kupunguza uzito huanza na swali moja: nitapungua kilo ngapi? Jibu analopewa mara nyingi ni la mwaka wa kwanza. Si uongo, ila mwaka wa kwanza karibu kila njia inapendeza, na zile picha za "kabla na baada" hupigwa wakati huohuo, mtu akiwa amefika chini kabisa. Anayetaka kuchagua anahitaji namba ya mwaka wa tano, na ikipatikana ya mwaka wa kumi, maana huko ndiko njia hizi zinakoachana.

Ili hesabu zisielee hewani, nitazipitisha zote kwa mtu mmoja wa mfano. Ni mwanamke wa miaka arobaini na ushei, urefu wake mita 1.62, uzito kilo 118. BMI yake, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 45. Ana presha, magoti yanamuuma, na sukari imeanza kupanda. Kwamba anastahili upasuaji si jambo la kubishania: mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani na kile cha kimataifa walishusha kiwango hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari.

Asilimia ya nini?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa, wakati mwingine bila anayewapoteza kujua.

Kuna namna mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni asilimia ya uzito wote: kilo ulizopungua ukilinganisha na kilo ulizokuwa nazo siku ya upasuaji. Ya pili ni asilimia ya uzito wa ziada, yaani kilo zile tu zilizo juu ya BMI ya 25. Kwa mwanamke wetu, BMI ya 25 ni kama kilo 66, kwa hiyo ziada yake ni kilo 52.

Sasa tuseme amepungua kilo 30. Kwa hesabu ya kwanza amepoteza asilimia 25. Kwa hesabu ya pili amepoteza asilimia 57. Kilo ni zilezile, mwili ni uleule, lakini unajua ni namba ipi itakayowekwa kwenye tangazo. Msikilizaji akisikia "utapungua asilimia 60" anaona mwili wake ukibaki chini ya nusu, akifika nyumbani anaanza kuhesabu kilo ambazo hazitakuja. Ukitajiwa asilimia yoyote, uliza papo hapo ni ya uzito wote au ya ziada, kisha omba igeuzwe iwe kilo zako wewe.

Haya, mwanamke wetu wa kilo 118 kwenye kila njia. Slivu na baipasi ni upasuaji wa tumbo, semaglutaidi na tirzepataidi ni dawa za kupunguza uzito, na puto huwekwa tumboni kwa muda; kila moja nitaieleza mbele:

| Njia | Karibu na mwaka 1 | Mwaka wa 5 |
|---|---|---|
| Slivu | kilo 88 | kilo 96 |
| Baipasi | kilo 81 | kilo 88 |
| Sindano ya semaglutaidi | kilo 100 | inategemea kama bado anachoma |
| Sindano ya tirzepataidi | kilo 93 | inategemea kama bado anachoma |
| Puto | kama kilo 106 siku linapotolewa | wengi hukaribia walikoanzia |

Safu za slivu na baipasi nimezitoa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia makumi ya maelfu ya wagonjwa kutoka mifumo 41 ya hospitali. Wastani wao ulikuwa hivi: slivu asilimia 25 ya uzito wote mwaka wa kwanza, kisha karibu 19 mwaka wa tano, baipasi asilimia 31, kisha 25 na nusu. Namba za sindano ni za majaribio makuu ya dawa zenyewe, nitayafikia. Ya puto ni makadirio ya asilimia 10, na wapo wanaofika 15.

Angalia tena jedwali. Hakuna safu inayogusa kilo 66. Baada ya miaka mitano, mwanamke aliyefanyiwa slivu ana BMI ya karibu 37, na wa baipasi 33 na kitu. Kwa chati ya kliniki wote wawili bado wanaandikwa "unene uliopitiliza". Asiyeambiwa haya mapema, siku mzani utakapogoma kwenye kilo 90 atadhani amekosea mahali, au kwamba daktari amemlaghai, kumbe yuko palepale walipo wenzake wengi.

Na bado kilo hizo zina thamani kubwa. Nchini Sweden waliwafuatilia kwa miongo watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji kuanzia mwaka 1987, pamoja na idadi inayokaribiana ya wanene ambao hawakufanyiwa. Miaka kumi baadaye wa baipasi walikuwa bado chini kwa asilimia 25, huku wasiofanyiwa wakiwa karibu palepale walipoanzia. Ripoti ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba waliofanyiwa waliishi miaka mitatu zaidi. Ripoti hiyohiyo ikasema pia kwamba maisha yao yalibaki mafupi kuliko ya watu wa kawaida kwa miaka mitano na nusu. Nazitaja namba zote mbili kwa sababu ya pili huwa haisemwi.

Slivu na baipasi

Slivu ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, karibu asilimia 75 hadi 80, na kuitoa nje kabisa. Kinachobaki ni mrija mwembamba. Utumbo hauguswi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo watu husema wanasahau kula. Hairudishiki: kilichokatwa kimekwenda.

Baipasi ni kazi ndefu zaidi. Daktari anatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, ambacho hakijazi hata kikombe cha kahawa ya barazani, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo vinaachwa humo ndani, ila chakula hakipiti tena huko. Ipo pia baipasi ya muungano mmoja, ambayo wengi huiita baipasi ndogo. Jaribio la Ufaransa liliona kwamba kwa miaka miwili uzito unaopungua haupishani na wa baipasi ya kawaida, lakini kuhara na upungufu wa virutubisho vilikuwa vingi zaidi.

Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, kwa nusu kaputi. Hatari ya kifo si kubwa kama inavyosimuliwa vijiweni: kwenye hospitali zenye uzoefu za Marekani, utafiti wa mwaka 2009 ulihesabu vifo vitatu katika kila wagonjwa elfu moja ndani ya siku 30. Sisitizo liko kwenye neno "uzoefu".

Je, tofauti ya kilo kati yao ni kubwa kiasi cha kuamua? Kwenye jedwali langu ni kilo nane, na ukiishia hapo utasema baipasi tu. Lakini wale wa Marekani walichagua wenyewe pamoja na madaktari wao, na anayechagua baipasi si lazima afanane na anayechagua slivu. Kule Finland walifanya jambo gumu zaidi: watu 240 waligawanywa kwa kura kati ya mwaka 2008 na 2010, nusu slivu na nusu baipasi, wakafuatiliwa miaka kumi. Waliobahatika na baipasi walikuwa wamepoteza kama asilimia 52 ya uzito wa ziada, na wa slivu karibu asilimia 44. Kwa mwanamke wetu hizo ni kilo 27 kwa 23. Tofauti imeshuka hadi kilo nne. Jaribio kama hilo la Uswisi halikuona tofauti ya maana katika mwaka wa tano.

Ndiyo maana mimi siamini mtu anayechagua kati ya hizi mbili kwa kilo peke yake. Kilo nne au nane hazitoshi. Vinavyotosha kuamua ni vitu vingine vitatu, navyo ni kiungulia, kisukari na dawa za maumivu.

Kiungulia kwanza. Mrija wa slivu una presha ndani yake, na asidi hupanda. Katika wale wa Finland, baada ya miaka kumi asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu walikutwa na michubuko ya koo la chakula, dhidi ya asilimia 7 ya wa baipasi. Kama wewe tayari hulali bila mito miwili na unatembea na vidonge vya asidi kwenye pochi, slivu inaweza kukupunguzia kilo na kukuongezea mateso. Baipasi yenyewe huwa ni tiba ya kiungulia. Kabla ya kukubali slivu, omba upimwe kwa kamera ya tumbo. Hospitali isiyotaka kukupima inakuharakisha.

Kisukari ni cha pili. Nchini Norway watu 109 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa kwa kura, na baada ya mwaka mmoja kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa kwa asilimia 74 ya wa baipasi na 47 ya wa slivu. Kumbuka ni mwaka mmoja. Miaka ikienda wengine hurudi kwenye dawa, na kadiri ulivyoishi na kisukari muda mrefu, hasa kama unachoma insulini, ndivyo matumaini yanavyopungua. Hata hivyo, kwa mwenye kisukari cha miaka michache baipasi ina sababu nzito ya kuwa mbele.

La tatu linatuhusu sana sisi wa huku. Baada ya baipasi, dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuchimba kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kidonda ambacho kinaweza kutoboka. Sasa fikiria duka la dawa la mtaani kwako. Ukienda na goti linalouma utapewa nini, na utaulizwa nini kwanza? Mtu mwenye magoti mabovu, aliyezoea kuchomwa diklofenaki kila msimu wa baridi, au anayejua kwamba hataweza kukumbuka kukataa, ana sababu nzuri ya kubaki kwenye slivu. Sigara pia: kwa mvutaji, baipasi ni kutafuta kidonda.

Kuna na baipasi kukuadhibu kwa sukari. Soda, halua, juisi ya miwa vikishuka ghafla kwenye utumbo, moyo unakimbia, jasho linatoka, kichwa kinazunguka, kisha choo. Si kila mtu hupata. Wapo wanaoliona ni baraka kwa sababu linawafundisha; sikuwahi kulipenda hilo kama hoja ya kuchagulia, maana mtu asiyepata adhabu hiyo anaendelea na soda zake.

Virutubisho ni vya maisha kwa zote mbili, na kwa baipasi zaidi: madini ya chuma, vitamini B12, kalsiamu na vitamini D, na kupima damu walau mara moja kwa mwaka. Hiyo si gharama ya mwaka mmoja. Ukipiga bajeti ya upasuaji, weka na vidonge vya miaka ishirini.

Ratiba ya mzani

Wiki mbili za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa na maziwa, na mzani unashuka kwa kasi ya kutisha. Kisha, mara nyingi katika wiki ya tatu au karibu na hapo, unasimama. Watu hupiga simu wakilia. Ni mwili unarudisha maji uliyopoteza, na baada ya siku kadhaa safari inaendelea.

Kufikia mwezi wa sita wengi wameshapoteza zaidi ya nusu ya watakachopoteza. Kati ya mwezi wa 12 na wa 18 mzani unafika chini kabisa. Baada ya hapo karibu kila mtu anarudisha kidogo. Ukiona kilo tano au nane zimerudi mwaka wa tatu, uko kwenye mstari wa wengi. Kurudi mpaka mwanzo ni jambo jingine, na kwa baipasi ni nadra: kati ya maveterani wa jeshi la Marekani waliofuatiliwa miaka kumi, ni asilimia 3 na kidogo tu waliokuwa wamerudi karibu na uzito wao wa zamani.

Wastani unaficha mengi, bila shaka. Kwa slivu ileile mmoja hupungua asilimia 35 na mwingine 10. Wenye kisukari hupungua pungufu ya wasio nacho, na wenye umri mkubwa pungufu kidogo ya vijana. Tafiti za Marekani zimeonyesha pia, tena na tena, kwamba wagonjwa weusi hupungua asilimia chache pungufu ya wazungu kwa upasuaji uleule. Karibu namba zote nilizotoa ni za Ulaya na Marekani, kwa hiyo msomaji wa Dodoma au Kisumu akizishusha kidogo kichwani mwake hatakuwa anakata tamaa. Anajiwekea makadirio mazuri.

Halafu kuna chakula chenyewe. Watu wanadhani tumbo dogo litazuia kila kitu. Litazuia ugali mkavu, chapati, mkate mweupe na nyama choma isiyotafunwa, ambavyo hukwama na kurudi juu. Halitazuia uji wenye sukari, aiskrimu, juisi ya maembe, bia, wala chai ya maziwa yenye vijiko vinne. Vyote hivyo vinateleza. Nyingi kati ya kilo zinazorudi mwaka wa tatu huja kwa njia ya kikombe. Lengo la gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku linafikika kwa vyakula vya kwetu, mayai, samaki, dagaa, mtindi, maharage yaliyopondwa, lakini kwa tumbo hilo huna nafasi ya kuanza na wanga halafu ukafikia mboga baadaye. Protini kwanza, na maji yasipande sahani moja na chakula. Pombe baada ya baipasi hupanda kichwani upesi mno, na wapo walioangukia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao.

Sindano

Miaka kumi iliyopita ulinganisho huu usingekuwa na sindano. Sasa haiwezekani kuziacha.

Semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, kwenye jaribio lake kuu ilipunguza kwa wastani asilimia 15 ya uzito wote ndani ya wiki 68. Tirzepataidi, yaani Mounjaro, kwa dozi ya juu ilifika karibu asilimia 21 ndani ya wiki 72. Zilipokutanishwa uso kwa uso, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalikuwa asilimia 20 kwa tirzepataidi na karibu 14 kwa semaglutaidi. Kwa kilo tu, tirzepataidi imeifikia slivu mlangoni. Hakuna kisu, hakuna nusu kaputi, na ukichukia unaacha.

Kuacha ndiko tatizo liliko. Waliosimamisha semaglutaidi kwenye jaribio lile, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili za walichopoteza. Mwanamke wetu aliyeshuka hadi kilo 100 angejikuta kwenye 112 hivi. Ni kama dawa ya presha kwa maana hiyo: inafanya kazi ukiwa unaitumia. Kwa hiyo swali la sindano ni la mfuko. Je, unaweza kuilipia mwezi huu, na mwezi ule ada za shule zikiingia, na miaka mitano ijayo? Kwa bei za dawa hizi, kuna hesabu ambapo upasuaji mmoja unakuwa nafuu kuliko miaka michache ya sindano, na inafaa kila mtu aipige kwa bei za mji wake.

Jihadhari na zinazouzwa kwenye simu. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari rasmi kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Sindano isiyotoka kwenye famasia yenye friji na risiti usiichome, hata kama muuzaji ni shoga yako wa tangu shule.

Mahali ambapo ningeiweka sindano mbele bila kusita ni kwa mwenye BMI ya 30 hadi 35 hivi, anayehitaji kupungua kilo 10 au 15, na anayeweza kuilipia. Huyo kumkata tumbo ni kutumia panga kumenya chungwa.

Puto, na pete

Puto linawekwa kwa kamera kupitia mdomoni, linajazwa, linakaa miezi sita hivi, linatolewa. Katika hospitali za umma za kwetu ndiyo njia iliyosikika sana, hasa kwa sababu ya Mloganzila, Dar es Salaam. Siku za kwanza ni kichefuchefu na kutapika. Unapungua kilo 10 au zaidi, na ukishatolewa unabaki na tumbo lako lilelile na njaa ileile. Matumizi yake ya maana ni kwa mtu mnene sana anayehitaji kushuka kabla ya upasuaji mwingine, au mwenye ziada ndogo aliyeamua kubadili chakula na anataka msukumo. Kwa mwanamke wetu mwenye BMI ya 45, kulipia puto kama tiba kamili sioni faida yake.

Pete ya kufunga tumbo ilikuwa maarufu zamani. Kwenye utafiti uleule wa mifumo 41 ya hospitali iliishia asilimia 12 katika mwaka wa tano, na wengi huishia kutolewa pete hizo. Ukikuta kliniki bado inaisukuma, ondoka.

Nani atakushika mkono mwaka wa nne?

Hili silioni likiandikwa kwenye vijitabu vya hospitali, nami naliweka juu ya kilo.

Watu wengi wa huku husafiri kwenda India kufanyiwa, au hufanyiwa na madaktari wa Nairobi na Dar es Salaam wakiwa wanaishi mbali. Baada ya wiki chache daktari yuko Chennai, wewe uko Mbeya. Slivu ikishapita mwezi wa kwanza bila kuvuja, dharura zake za baadaye ni chache. Baipasi ina dharura moja ya ajabu: utumbo unaweza kuingia kwenye upenyo uliobaki ndani na kujinyonga, hata miaka mitatu au minne baadaye, mtu akiwa ameshapungua na kusahau. Inakuja kama maumivu makali ya tumbo baada ya kula, damu na mkojo vikipimwa havisemi kitu, na daktari wa zamu asiyeijua baipasi anaweza kukuandikia dawa ya vidonda vya tumbo na kukurudisha nyumbani. Inataka kipimo cha CT na mtu wa kukisoma. Kama ulipo hakuna hivyo kwa umbali wa safari ya usiku mmoja, hiyo ni hoja ya kweli ya kuchagua slivu hata kama kilo zake ni chache. Ukichagua baipasi, tembea na karatasi inayosema umefanyiwa nini, na mfundishe mumeo au ndugu yako aiseme kwa niaba yako.

Jiandae pia kwa macho ya watu. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa ametulia, na akikonda haraka anaulizwa anaumwa nini, au hata haulizwi, ananong'onwa. Kati ya mwezi wa nne na wa sita uso umelegea, nywele zinanyonyoka, nguo zinaning'inia, na ndio wakati wa harusi ya mtoto wa shangazi. Nywele hurudi kwa kawaida. Ngozi ya tumbo na mikono hairudi yenyewe, na kuikata ni upasuaji mwingine wa bei nyingine. Wapo waliofurahia kilo na kuchukia kioo.

Kwa mwanamke anayeweza kubeba mimba: uzito ukishuka, hedhi iliyopotea inaweza kurejea na mimba kuingia bila kutarajiwa, wakati unatakiwa usubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vizuri, chukua kijiti au kitanzi kabla. Anayefunga Ramadhani aongee na daktari mapema, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo maji hunywewa kwa mafunda madogo kutwa nzima, na usiku mmoja hautoshi kuyafidia.

Ningechagua vipi

Kwa mwanamke wetu wa kilo 118, mwenye sukari inayopanda na magoti mabovu, ningeanza na maswali mawili tu: ana kiungulia, na anaishi wapi. Kama hana kiungulia na anaishi mbali na hospitali kubwa, slivu, akijua atabaki kwenye tisini na kitu. Kama ana kiungulia au kisukari kimeshathibitishwa, na yuko Dar, Nairobi, Kampala au mji wenye daktari anayeijua kazi hii, baipasi, na magoti yatibiwe kwa parasetamoli, mazoezi na kilo zinazoshuka.

Mtu wa BMI 55 au 60 atapungua kilo nyingi kuliko yeye lakini atabaki mzito pia, na mara nyingi hupangiwa hatua mbili: slivu kwanza, kisha baipasi mwaka mmoja au miwili baadaye. Aambiwe hivyo mwanzoni, asije akadhani ya pili ni marekebisho ya kosa.

Anayekula usiku kwa siri, mwenye sonona isiyotibiwa, au anayelazimishwa na mume, atibiwe hilo kwanza. Upasuaji unaweza kungoja miezi sita.

Na ukikaa mbele ya daktari wa upasuaji, muulize amewafanyia watu wangapi, kisha muulize ni wangapi kati yao aliowapima uzito mwaka wa tano. Wengi watakuwa na jibu zuri la swali la kwanza.